Kisa cha Idjwi: wati 100 zilizofika zikiwa 5

Timu nyingi za redio ya ridhaa zinazokwenda visiwani hukosea mahali pamoja. Huhesabu wati zinazotoka kwenye redio, lakini hazihesabu zile zinazoondoka kwa pembe ya chini, digrii 5 hadi 10 juu ya upeo wa macho, na hiyo ndiyo njia ya kufika Ulaya, Japani na Marekani. Kisa hiki kinafuata timu ya watu wanne wa Bukavu, redio mbili za wati 100, na usiku mmoja mbaya kusini mwa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Tunakipitia hatua kwa hatua kwa sababu hasara zote zilizowapata zinapimika, na karibu zote zinazuilika kwa pesa ndogo.

Ni kisa cha mezani, kilichoundwa kwa kufundishia. Timu na idadi ya mawasiliano ni za mfano. Ziwa, milima, nyaya na hesabu ni za kweli. Kuna sababu nyingine ya kukiacha mezani. Tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, kuonekana ziwani na redio ya masafa marefu, betri na nguzo za antena ni kujitafutia kesi ya ujasusi, au jambo baya zaidi. Hakuna mawasiliano yenye thamani ya maisha ya mtu. Kazi inayowezekana sasa ni ya kalamu na karatasi, na ndiyo kazi ambayo timu hii iliiruka.

Walichobeba, na walipotua

Msimu ulichaguliwa vizuri: Julai, katikati ya kiangazi. Anayeishi Bukavu anajua radi za kwetu, lakini si wote wanaojua kwamba eneo la Kabare, hapo hapo jirani, ni la kwanza Afrika na la pili duniani kwa wingi wa radi katika vipimo vya setilaiti: mimweko 205 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233. Kuanzia Septemba hadi Mei bendi za mita 80 na mita 160 (bendi za redio huitwa kwa urefu wa wimbi) hapa ni mngurumo mtupu usiku kucha, na antena iliyosimama kwenye ufuo ulio wazi ni hatari kwa mwendeshaji. Hata Julai sheria haibadiliki. Ukisikia ngurumo, chomoa kebo, itupe nje, ondoka mezani.

Karatasi pia zilikuwa sawa: leseni yenye alama ya wito inayoanza na 9Q, alama ya Kongo, kutoka mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ARPTC, barua kwa utawala wa teritwari, barua kwa mwami (mtawala wa jadi) wa eneo, na orodha ya vifaa yenye namba zake, nakala nne. Nakala nne si urasimu. Moja inabaki bandarini, moja kwa askari wa majini, moja kwa chifu, moja mfukoni. Mtu anayekuta nguzo ya mita 10 shambani kwake ana haki ya kuonyeshwa karatasi papo hapo.

Walichokosea kwenye karatasi ni kingine. Waliwatangazia wenzao wa nje kwamba wataendesha "kutoka kisiwani", na maswali yakaanza kuja ya namba ya IOTA, mpango wa redio ya ridhaa unaovipa visiwa namba. Mpango huo wa visiwa unahesabu visiwa vya baharini tu. Kisiwa cha ziwani, hata kiwe kikubwa kama Idjwi, hakina namba na hakitapata. Thamani ya safari hii ilikuwa kwingine: nchi yenyewe, kwa kuwa 9Q haisikiki mara nyingi, mraba wa KI47 wa ramani ya redio kwa wanaokusanya miraba, na kanda ya 36 kwa wanaokusanya kanda za dunia. Tangazo lingesema hivyo tangu mwanzo, waitaji wasingepoteza muda wao wala wa timu.

Mzigo wa boti ulikuwa hivi: redio mbili, kompyuta mbili, betri mbili za lithiamu za Ah 100, jenereta ya kVA 2, bidoni mbili za esansi za lita 20, paneli mbili za sola zenye kidhibiti chaji chake, inveta ya wati 600 kwa ajili ya chaja za kompyuta, kebo ya antena ya RG-58 mita 80, na antena mbili za wima, ya bendi ya mita 20 na ya bendi ya mita 15. Walitua kusini mwa kisiwa kwa sababu ndiko karibu na Bukavu. Wakapewa nyumba nzuri juu ya mteremko, mita 250 kutoka majini, penye migomba mbele na kilima nyuma. Nyuma hiyo ilikuwa kaskazini.

Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tisa usiku walipata mawasiliano 118. Mengi yalikuwa Afrika Kusini na Kenya, machache Italia na Ugiriki. Japani hakuna hata moja. Walipoanza kuchoka wakakubaliana kwamba nguvu haitoshi, na kwamba safari ijayo wataazima kikuzaji cha wati 500.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa na faida kwa msomaji.

Kusikika na kusikia

Idadi ndogo ya mawasiliano ina sababu mbili zinazofanana kwa nje. Ama hawakusikii, ama wewe huwasikii. Tiba zake ni tofauti kabisa, na kikuzaji hutibu ya kwanza tu. Ukikitumia kutibu ya pili unazidisha ugonjwa: watu wengi zaidi watakuita, nawe bado kiziwi.

Kipimo cha kusikia kinachukua dakika kumi. Zima kila kitu isipokuwa redio iliyounganishwa moja kwa moja na betri: jenereta, inveta, kidhibiti chaji, chaja za simu, taa za LED. Soma mita ya redio kwenye masafa matupu. Kisha washa kimoja kimoja, na kila mara andika namba. Kwa timu hii mita ilionyesha S3, hatua ya tatu ya nguvu ya ishara, kila kitu kikiwa kimezimwa. Inveta ilipowashwa ikapanda hadi S7. Hiyo ni hatua nne, takriban desibeli 24 za kelele. Kituo cha Ujerumani kilichokuwa kikifika kwa S5 kilizikwa hai, na mwendeshaji hakujua kama kuna aliyeita.

Inveta ya bei nafuu hukata umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde, na nyaya zake zinageuka antena za kurusha hayo makombo. Kidhibiti chaji cha sola hufanya vivyo hivyo mchana. Usihangaike kuinyamazisha inveta, iache nyumbani. Kompyuta nyingi hupokea volti 19 au 20, na kuna chaja za gari zinazopandisha volti 12 za betri. Nazo zina kelele kidogo, ila ndogo kiasi kwamba pete ya feraiti aina ya 31, kipenyo cha milimita 61, ikizungushiwa waya mara kumi hadi kumi na mbili, inaimaliza. Kidhibiti cha sola kifanye kazi saa ambazo hakuna anayepokea, au paneli zichaji betri ya pili iliyo mbali na meza.

Baada ya kuondoa kelele yako, sikiliza vituo vya kuongozea (beacon) vya NCDXF, taasisi ya redio ya ridhaa. Ni vituo 18 duniani vinavyopokezana kwenye kHz 14,100, 18,110, 21,150, 24,930 na 28,200, kila kimoja kwa sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kituo hutaja alama yake kwa Morse na kufuatisha mistari minne mirefu: jina na mstari wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne wati 0.1. Ukiwa Kivu, 5Z4B ya Kenya na ZS6DN ya Afrika Kusini hazikuambii mengi, ziko karibu mno. Zinazokuambia ukweli ni OH2B ya Finland, 4X6TU ya Israeli na JA2IGY ya Japani. Ukisikia mstari wa wati 1 kutoka Finland, masikio yako ni mazima na njia iko wazi. Kama bado hakuna anayekujibu, tatizo liko upande wa kurusha. Tungependa kuona kipimo hiki kimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa logi (daftari la mawasiliano) ya kila safari, kwa sababu kinamaliza ubishi wa saa nne kwa dakika tatu.

Hesabu ya hasara

Upande wa kurusha, hasara nne zilijipanga moja nyuma ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa mezani penyewe. Redio ya wati 100 hunywa ampea 22 hivi inaporusha. Timu ilitumia waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, mita 6 kutoka betri hadi redio, maana betri iliwekwa nje ya dirisha. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 12. Shaba ina ukinzani wa 0.0175 kwa mita kwa milimita ya mraba: 0.0175 mara 12, gawanya kwa 2.5, ni omu 0.084. Zidisha kwa ampea 22, unapoteza volti 1.85. Betri ya lithiamu iliyo chini ya mzigo iko kwenye 12.9, redio ikabaki na 11. Redio nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.8 na uvumilivu wa asilimia 15, yaani hazitaki kushuka chini ya 11.7. Hii ilijilinda kwa kushusha nguvu hadi wati 60, na kwenye sauti ilikuwa ikizima kabisa mtu akipaza. Desibeli 2.2 zimekwenda. Waya wa milimita 10, mita 2 tu, ungepoteza volti 0.15. Fyuzi ya ampea 30 iwe karibu na betri, si karibu na redio, kwa sababu kinacholindwa na moto ni waya wenyewe.

Ya pili ni kebo. RG-58 ni nyembamba, rahisi kubeba, na kwenye bendi ya mita 15 hupoteza takriban desibeli 2.1 kwa kila mita 30. Kwa mita 40 za timu hii ni karibu 3: nusu ya nguvu imegeuka joto ndani ya kebo kabla ya kuona antena. RG-213 ingepoteza nusu ya hapo au chini yake. Ni nzito, kilo 15 hivi kwa mita 100, lakini boti haikulalamika kwa bidoni za esansi, isingelalamika kwa hiyo.

Ya tatu ni radiali. Antena ya wima ya robo wimbi ni nusu ya antena. Nusu yake nyingine ni nyaya zinazotandazwa chini. Walitandaza nne, fupi, juu ya udongo mkavu wa kiangazi. Antena yenyewe ina omu 36 hivi za kurusha, na udongo wenye nyaya nne chache unaongeza kama omu 30 za kupotezea. Nguvu inagawanyika kati ya anga na mchwa. Desibeli 2.6. Dalili yake inadanganya wengi: 36 na 30 ni 66, namba iliyo karibu na 50, hivyo mita ya SWR, inayopima jinsi antena inavyolingana na kebo, inaonyesha 1.3 na kila mtu anafurahi. SWR nzuri kwenye antena ya wima yenye radiali chache inapaswa kukutia wasiwasi. Ongeza radiali, ukiona SWR inapanda kidogo, ndipo ujue unapona.

Ya nne ndiyo kubwa, na inahitaji sehemu yake.

Maji ya bahari, maji ya Kivu, na udongo wa mgombani

Mapishi ya antena ya wima ufukweni yametoka baharini, na huko ni ya kuaminika. Mfano ulio wazi ni 3Y0J, safari ya Bouvet ya Januari na Februari 2023. Bouvet ni kisiwa cha Norway kusini mwa Atlantiki, barafu na mawe, bila bandari. Timu ilifika kwa meli ya tanga Marama, na mawimbi yakawazuia kushusha sehemu kubwa ya mzigo. Mpango mkubwa ukapunguzwa hadi mahema machache, antena nyepesi na nguvu ya wati 100 hivi. Bado waliandika zaidi ya mawasiliano 18,000. Tunaitaja kwa heshima kubwa, na kwa sababu moja mahususi: wati 100 kando ya bahari ya chumvi si wati 100 za mgombani.

Antena ya wima haimalizi kazi yake kwenye antena. Wimbi linalokwenda chini hugonga ardhi iliyo mbele, makumi na mamia ya mita mbele, na kurudi kuungana na lile lililokwenda moja kwa moja. Ardhi ikiwa kipitishi kizuri, yanajumlishana hata kwenye pembe za chini kabisa. Ardhi ikiwa mbovu, yanatoana. Bahari hupitisha umeme kwa kiwango cha siemens 5 kwa mita. Udongo wa kawaida 0.005, mara elfu moja chini yake. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yako kwenye 0.12 hivi, ambayo ni mengi kwa ziwa, kwa sababu chemchemi za volkano huleta chumvi kutoka chini.

Tumepiga hesabu kwa MHz 21 na pembe ya digrii 7. Bahari inaipita Kivu kwa karibu desibeli 4. Kivu nayo inaupita udongo wa kawaida kwa karibu desibeli 5.4. Kuna pembe ambayo chini yake antena ya wima hudhoofika haraka: juu ya bahari iko chini ya digrii 1, juu ya Kivu digrii 5, juu ya udongo inakaribia 15. Kwa maneno mengine ziwa letu si bahari, lakini ni zuri kuliko watu wanavyodhani, kwa masharti kwamba maji yawe *mbele ya antena*, yaanze miguuni mwake na yaendelee kuelekea unakotaka kufika. Kuzungukwa na maji upande wa nyuma hakusaidii kitu. Timu ilijiona iko kisiwani. Antena zake zilijiona ziko shambani.

Jumlisha sasa: 2.2, 3, 2.6 na 5.4 ni desibeli 13.2. Ni kugawanya kwa 20. Wati 100 zilifanya kazi ya wati 5 zilizowekwa vizuri ufukweni. Kikuzaji cha wati 500 kingewapandisha hadi sawa na wati 25, na kingedai zaidi ya kilowati 1 kutoka kwa jenereta ambayo kwenye mwinuko wa ziwa, mita 1,460, imeshapoteza asilimia 15 hivi ya nguvu yake kwa wepesi wa hewa na inakunywa esansi iliyozidi. Kwa bei ya kukodi kikuzaji kimoja unanunua waya mnene, kebo nzuri na kubakiza.

Juu ya hayo yote kulikuwa na kilima. Kutoka Idjwi, New York iko mwelekeo wa digrii 311, Frankfurt 344, Tokyo 53. Karibu wote wanaotaka kukuita wako ndani ya dirisha hilo la kaskazini. Kilima kinachopanda mita 400 juu yako kwa umbali wa kilomita 3 kinafunga kila kitu chini ya digrii 7.6. Hakuna kifaa kinachorekebisha hilo. Ramani ya mwinuko ingeonyesha kabla ya kupanda boti. Chora mstari kutoka nyumba kuelekea 311, 344 na 53, soma urefu wa kila kilomita, gawanya. Ni kazi ya jioni moja.

Kuhama

Siku ya pili asubuhi walihamia rasi ndogo ya ufuo wa magharibi, maji yakiwa wazi kuanzia mwelekeo wa digrii 300 hadi 350. Milima ya upande wa Kalehe ipo, lakini kwa umbali wa zaidi ya kilomita 20 haifungi zaidi ya digrii 3 au 4. Ruhusa mpya iliombwa kwa mwenye shamba na kwa chifu kabla ya kushusha hata mfuko mmoja.

Antena za robo wimbi ziliachwa. Badala yake walijenga daipoli ya wima (waya wa nusu wimbi) yenye kiakisi kwa bendi ya mita 15, ambayo haihitaji radiali kabisa. Mianzi miwili ya mita 9, iliyonyooka na kukauka, ilisimamishwa mita 2.4 moja nyuma ya nyingine, wa mbele ukiwa karibu na maji. Kwenye wa mbele ulifungwa waya wa kurusha, jumla mita 6.60, ukikatwa katikati kwa kebo. Kwenye wa nyuma waya mmoja mzima wa mita 7.05. Waya ulikuwa ule ule wa umeme wa nyumba wenye ganda, wa milimita 1.5, unaouzwa kila duka la vifaa Bukavu. Ganda huurefusha waya kwa umeme asilimia 2 hadi 4, ndiyo maana namba hizi ni za kuanzia: kata ukiwa umeongeza sentimita 15 kila upande, pima, punguza pande zote mbili sawasawa. Ncha za chini zikae mita 1 au zaidi juu ya ardhi, na ziwekewe kamba ya alama, maana mtoto akiushika waya huo wakati wa kurusha ataungua. Mwanzi mbichi usitumie; una maji ndani na unavuta masafa chini usiku umande ukianguka.

Kebo itoke kwenye antena kwa mlalo angalau mita 3.5 kabla ya kushuka. Mahali inapounganishwa, izungushe mara 10 kwenye pete ya feraiti, la sivyo nje ya kebo itageuka sehemu ya antena, itaharibu mwelekeo na kuleta kelele mezani. Wengi huruka hatua hii kwa sababu antena "inafanya kazi" bila hiyo. Inafanya kazi, lakini kiakisi hakiakisi.

Kwa bendi ya mita 20 walibaki na antena ya wima yenye urefu wa mita 5.06, wakainyanyua mita 1.5 na kuipa radiali mbili tu zilizonyanyuliwa, kila moja 5.06, zikielekea pande tofauti kando ya ufuo. Radiali mbili hewani zilizopimwa zinashinda nne fupi udongoni. Vituo viwili viliachana mita 80, na kila redio ikawekewa kichujio cha bendi yake. Bila hivyo kimoja kingemziba mwenzake masikio kila anapobonyeza.

Betri nazo zilihitaji nidhamu. Kwenye FT8, mfumo wa kidijitali unaoendeshwa na kompyuta, redio hurusha nusu ya muda: ampea 22 nusu ya muda na 1.5 nusu nyingine, wastani ni karibu 12. Betri ya Ah 100 ukiitumia asilimia 80 inadumu chini ya saa saba. Shusha hadi wati 50 na inafika saa kumi, kwa hasara ya desibeli 3, nusu ya hatua ya mita. Baada ya kurejesha desibeli 13, kutoa 3 ni biashara nzuri. Jenereta ikawa ya kuchaji tu, saa tatu mchana, nyuma ya mwamba.

Ratiba ilifuata jua. Mita 15 kwa Ulaya kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Mita 20 kuanzia saa kumi na moja jioni na kuendelea. Marekani ya mashariki kwenye mita 20 kati ya saa nne na saa saba usiku. Baada ya jua kuzama, hasa karibu na Machi na Septemba, anga la karibu na ikweta hutikisika na ishara hutetemeka kama sauti iliyo ndani ya pipa. FT8 hushindwa kusoma ishara zenye nguvu kabisa, na mwendeshaji hudhani programu imeharibika. Hamia Morse kwa mwendo wa wastani kwa saa moja au mbili, kisha rudi.

Kuhusu waitaji wenyewe, tusemee mambo matatu tu. Sikiliza kHz 5 juu ya masafa yako na kuendelea, kamwe si kwenye masafa yako mwenyewe, na useme hivyo kila baada ya mawasiliano machache. Ukitumia FT8 kwa hali ya mbweha na mbwa, ambamo kituo kimoja hujibu waitaji wengi, usiiweke kwenye masafa ya kawaida ya 14,074. Chagua mengine, tangaza kabla. Na saa ya kompyuta iwekwe kwa kipokezi kidogo cha GPS, kwa sababu mtandao wa simu kisiwani hukatika, na saa ikikosea kwa zaidi ya sekunde 2 hakuna atakayekusoma. Nakala ya logi iende kwenye kadi mbili za kumbukumbu kila saa sita, kila moja katika mfuko wa mtu tofauti, ili boti ikipinduka isizame na kazi yote.

Jioni hiyo ya pili mita 15 peke yake ilitoa mawasiliano 410 kwa saa sita, kwa wati 50. Usiku, mita 20 iliongeza 260, theluthi yake Marekani. Wavuvi wa sambaza walipita karibu na taa zao, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, na mita ikapanda hatua moja kila walipokaribia: taa za LED zenye vidhibiti vya bei nafuu. Hilo ni la kuvumilia. Wao wako kazini, na ziwa ni lao kabla halijawa la redio.

Iliyobaki: Japani

Mpaka mwisho wa safari Japani ilitoa mawasiliano 31 tu, yote kwenye mita 15 kati ya saa tatu na saa saba mchana, na yote kwa taabu. Kutoka ufuo wa magharibi mwelekeo wa 53 unapita juu ya kisiwa chenyewe. Waya wa mlalo uliopandishwa juu ya miti ungesaidia kidogo, lakini kilima kinabaki kilima.

Jibu ni rasi ya kaskazini ya Idjwi. Kutoka pale maji yako wazi kuanzia magharibi hadi mashariki kupitia kaskazini. Nyiragongo, mita 3,470, inaonekana kubwa kwa macho, lakini iko umbali wa kilomita 50 hivi na inapanda mita 2,010 juu ya ziwa, yaani digrii 2.3 tu, mawimbi ya digrii 5 yanapita juu yake. Milima ya Rwanda upande wa 53 nayo haifiki digrii 3.

Kwa timu ya Bukavu gharama yake ni ndani ya bidoni. Rasi hiyo iko zaidi ya kilomita 60 kwa maji, saa tatu hadi nne kwa boti ya mbao iliyojaa yenye injini ya farasi 40, na injini hiyo ikibeba mzigo hunywa lita 12 hivi kwa saa: lita 45 kwenda, 45 kurudi, na theluthi ya akiba kwa ajili ya upepo wa alasiri, jumla 120. Kutoka Goma ni kama nusu ya umbali huo. Kwa hiyo mpango wenye akili ni wa miji miwili. Antena, kebo na betri za Goma zivuke moja kwa moja hadi rasi ya kaskazini na kushika Japani asubuhi. Kituo cha Bukavu kibaki ufuo wa magharibi na kushika Ulaya na Marekani jioni. Vituo vyote viwili viwe chini ya leseni moja na alama moja ya wito, na viunganishe logi kila usiku, ili mwitaji aliyekwisha kuandikwa upande mmoja ajulikane upande wa pili.

Ila leseni itaje maeneo yote mawili kwa majina, na barua ziende kwa mwami wa kaskazini na kwa mwami wa kusini pia, maana Rubenga na Ntambuka ni himaya mbili tofauti, na ruhusa ya moja haivuki mpaka wa nyingine.